Ya Kumi

Kila baada ya miaka kumi zinakuja,
kura za wahakiki na za waongozaji,
kila mtu na kumi zake, zilizo bora kuliko zote zilizowahi kupigwa,
na mimi, Godelieve, karani wa jarida hapa Ghent,
nazipokea karibu na dirisha, kahawa imeshapoa,
nje mvua ya Novemba inauchapa mto Leie bila mpango.

Mimi sina kura. Nina rula, kalamu nyekundu
na safu mbili: wahakiki kushoto, waongozaji kulia.
Kanuni ni fupi: yenye kura mbili inaingia kitabuni.
Yenye kura moja haikuwahi kuwako.

Orodha humvua mtu nguo.
Huyu wa Rosario, Evaristo Quiroga,
mara tatu ameleta majina yale yale, mpangilio ule ule.
Safari hii mwandiko ni wa mkewe,
na pembeni kaandika: alinitajia akiwa wodini,
ya saba hakuitamka vizuri, nimeandika nilivyosikia.
Halldóra wa Akureyri kaiweka filamu yake mwenyewe,
ya tatu, si ya kwanza. Mwamba ngoma huvutia kwake,
ila huyu kavuta kwa adabu.
Kijana mmoja wa Busan alituma saa mbili usiku,
akafuta saa nne, akatuma nyingine saa saba,
alfajiri akaomba radhi na kuirudisha ile ya mwanzo.
Nilimhurumia. Kumi ni chache.
Kumi ni nyingi mno
kwa mtu aliyependa moja.

Mkuu wangu anataka kujua jambo moja tu:
ipi ya kwanza? Ile ya zamani imeshuka? Kwa kura ngapi?
Watu watagombana hadi Pasaka,
watanuniana mezani kwa ajili ya ya kumi na nne.
Anasugua viganja. Ugomvi unauza.

Ndipo ikaja bahasha ya Kutaisi.
Nodar Kiknavelidze, mwongozaji, miaka sabini na mbili.
Tisa kazitaja, jina na mwaka, safi kama daftari la benki.
Kwenye mstari wa kumi hakuna jina:

"Hii sikuimaliza. Umeme ulikatika.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa sakafuni,
viti vilikuwa vya waliolipa.
Mwanamke alikuwa anafungua mlango,
midomo imeshaachana, anataka kusema jambo.
Tulingoja gizani saa nzima, wakaturudisha nyumbani.
Zote nilizotengeneza tangu hapo
ni kumtafutia maneno."

Nilitafuta. Mungu ananiona, nilitafuta.
Katalogi tatu, maktaba mbili, simu moja ndefu hadi Tbilisi.
Wanawake wanaofungua milango katika sinema
ni wengi kuliko njiwa wa Korenmarkt.
Nikaandika: haina jina, kura moja. Nikapiga mstari.
Lakini maneno yake niliyachomeka ukurasa wa mwisho,
herufi ndogo, chini ya anwani ya mpiga chapa,
na sikumwambia mtu.

Kitabu kikatoka. Wakagombana, kama ilivyotakiwa.

Wiki ya tatu ikafika barua kutoka Thesaloniki,
ya Tsiala Gvaramadze, daktari wa meno mstaafu,
ambaye hakuna aliyemwomba orodha:

"Usiku ule nilikuwemo. Mimi nilikuwa kwenye viti.
Koti la baba lilinuka mvua, nalikumbuka hilo kuliko uso wake.
Basi niandikieni kura yangu, hiyo moja inanitosha.
Na huyo Nodar, simfahamu, mpeni salamu,
mwambieni alikosea:
yule mwanamke alikuwa anafunga mlango,
na alikwisha kusema."

Rula iko mkononi. Mkuu wangu kaenda kula.
Kura mbili zinaingia kitabuni,
kama ni filamu moja.